UZI: Ndugu wa karibu wa amonaiti anauzwa Feri, siyo yule mnayemdhania

Fundi Mawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu. Upande mmoja kuna jiwe lililojiviringa, yaani amonaiti, kiumbe wa bahari aliyetoweka zamani, upande wa pili kuna nautilasi hai, mnyama wa bahari mwenye gamba, anaelea majini, na chini wameandika kwamba huyu wa kulia ni kitukuu wa huyu wa kushoto. Ukiitazama haraka unakubali. Gamba lile lile, mviringo ule ule. Mimi nimeikuta hadi kwenye somo alilokuwa anarushiwa mtoto wa jirani, ndipo nikaona tulimalize hapa. Ukitaka kumwona ndugu wa karibu zaidi wa amonaiti kati ya viumbe walio hai leo, nenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri ukaulize bei ya pweza, ngisi au dome. Nautilasi ni ndugu pia, lakini wa mbali zaidi.

Kwanza tuwajue wenyewe. Amonaiti walianza kuonekana kipindi cha Devonia, miaka kama milioni 410 iliyopita, wakatoweka mwisho wa Kretasi, miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosauri. Katikati ya hapo walijaa baharini na kubadilika haraka, kiasi kwamba wanajiolojia wanawatumia kupangia umri wa tabaka: ukishamtambua amonaiti, umeshajua uko kipindi gani. Na kwetu wapo. Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri kuanzia 1909 hadi 1913, tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka zilizolala chini ya bahari, na humo kuna amonaiti. Mombasa nako, kwenye miamba ya matope ya Jurasiki, kipindi kilichotangulia Kretasi, wameokotwa.

Nautilasi yuko hai magharibi mwa Pasifiki na mashariki mwa Bahari ya Hindi, kwenye miteremko ya miamba ya matumbawe, mita mia na zaidi kwenda chini. Huku kwetu haishi. Ila akifa, gamba lake lina hewa, linapanda juu na kuchukuliwa na mikondo, ndiyo maana maganda yake yanafika hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa hoja. Kufanana kwao ni kwa kweli: gamba la nje, ndani limegawanywa vyumba kwa viambaza, mnyama anakaa chumba cha mwisho, na mrija unapita vyumba vyote kuondoa maji ili gesi ichukue nafasi yake na mnyama aelee. Nani anabisha? Tatizo ni kwamba hayo yote aliyakuta babu yao. Gamba la nje lenye vyumba lilikuwapo tangu mwisho wa Kambria, kipindi cha kale kuliko Devonia, kabla amonaiti hajazaliwa, kabla pweza hajazaliwa. Binamu wawili wakibaki kwenye nyumba ya babu kijijini, na ndugu wa tumbo moja wa mmojawao akahamia mjini akajenga nyumba nyingine, bado huyu wa mjini ndiye ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo ili kujua undugu tunatafuta kitu kipya ambacho wawili wanacho na wa tatu hana.

Anza na mwanzo wa gamba. Ukimkata amonaiti katikati ukafuata mzunguko hadi kitovuni kabisa, unakuta kichumba cha kwanza cha mviringo, kijipira kidogo sana. Gamba lake lote la wakati anaanguliwa lilikuwa kama milimita moja hivi. Sasa mchukue Spirula, mnyama mdogo wa ukoo wa ngisi na dome, ambaye gamba lake la vyumba limejikunja ndani ya mwili wake. Naye anaanza na kijipira. Belemnaiti, wale wa visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) virefu vyenye ncha ambavyo Tendaguru vipo, nao wanaanza na kijipira. Nautilasi hana. Gamba lake linaanza na kifuniko kipana chenye kovu katikati, na mtoto wake anapotoka kwenye yai tayari gamba lina sentimita mbili na nusu au zaidi. Hapo amonaiti kashakaa upande wa ngisi.

Halafu mdomo, na hapa ndipo ninapopapenda. Moluska wengi, yaani jamii ya konokono, kome na pweza, wana ulimi wenye safu za vijino vya kukwangulia. Nautilasi ana vipande 13 kila safu. Pweza na ngisi wana tisa: meno saba na vibamba viwili vya pembeni. Amonaiti je? Ulimi ni kitu laini, hauhifadhiwi kirahisi, lakini vichache vimepatikana, na hesabu ni tisa. Mwaka 2011 Isabelle Kruta na wenzake walichapisha kazi ya Baculites, amonaiti wa mwishoni mwenye gamba lililonyooka, kutoka Marekani. Walipiga visukuku eksirei kwa mashine kubwa ya sinkrotroni iliyoko Grenoble, Ufaransa, bila kuvipasua. Ndani ya taya wakaona ulimi na vijino vyake vyote, virefu na vyembamba, pamoja na mabaki ya chakula: krastasia mdogo, wa jamii ya kamba na kaa, na konokono mchanga kabisa. Yaani mnyama alikufa na tonge mdomoni, na tonge lenyewe ni vijinyama vinavyoelea majini. Wale mnaochora amonaiti anararua samaki, taratibu.

Ushahidi wa tatu ni mlolongo wenyewe. Kulikuwa na kundi linaitwa baktriti: gamba limenyooka, mrija umebana ukingoni, mwanzo wake ni kijipira. Kwenye miamba ya Devonia ya Hunsrück, Ujerumani, na kusini mwa Moroko, unaona gamba lililonyooka, kisha lililopinda kidogo, kisha lililojizungusha bila mizunguko kugusana, kisha lililojibana. Huyo wa mwisho ni amonaiti kamili. Na kutoka kwa baktriti hao hao ndiko wengi wanakoitoa nasaba ya ngisi, dome na pweza, ambao wao walilifunika gamba kwa nyama, wakalipunguza, pweza akakaribia kulitupa kabisa. Mapitio ya Björn Kröger, Jakob Vinther na Dirk Fuchs ya mwaka 2011, waliounganisha visukuku na saa ya DNA (kukadiria muda kwa kuhesabu mabadiliko ya DNA), yaliweka kutengana kwa ukoo wa nautilasi na ukoo wa pweza kwenye miaka kama milioni 416 iliyopita. Amonaiti alichipuka upande wa pweza, baada ya njia panda.

Karibuni kwa maswali. Mambo ya tusi nendeni jukwaa la siasa.

Mzee wa Hoja

Mkuu, nimesoma hadi mwisho. Ila unavyosema "kijipira" na "vijino tisa" unanikumbusha mwanasheria anayeshinda kesi kwa koma. Gamba zima linafanana, wewe unashika vijino?

Fundi Mawe

Mzee wangu shikamoo. Gamba zima halifanani ukilitazama vizuri. Kiambaza cha nautilasi kimebonyea ndani, na kinapogusana na gamba kinaacha mstari wa kupinda kidogo tu. Cha amonaiti kimekunjamana ukingoni, na mstari wake unakata kona, unatawi, unarudi; wale wa Jurasiki na Kretasi wana mistari ya kutatanisha hadi macho yanachoka. Mrija wa nautilasi unapita katikati ya kiambaza. Wa amonaiti, karibu wote, umebana ukingo wa nje. Kwa hiyo hata gamba lenyewe linawatenga. Kinachofanana ni umbo la jumla, na umbo la jumla ndilo linalotudanganya kila siku.

Pweza wa Kojani

Mimi ni mvuvi, sijasoma hayo ya Devonia. Lakini kuna pweza wa bahari kuu ana gamba jeupe jembamba, ukilishika vibaya linavunjika. Limejikunja hivyo hivyo kama hilo jiwe lenu. Si huyo ndiye mtoto wa amonaiti moja kwa moja? Kwa nini mnazunguka?

Fundi Mawe

Kaka, umetaja mnyama aliyewahi kuwachanganya maprofesa. Huyo ni Argonauta. Mwanajiolojia Mjerumani Gustav Steinmann alishikilia kabisa kwamba pweza wametokana na amonaiti, na gamba la Argonauta akaliona ni urithi. Kwa macho ana haki: matuta, mzunguko, kila kitu.

Ila angalia linavyotengenezwa. Gamba la amonaiti na la nautilasi linatolewa na joho, ile ngozi inayofunika mwili. La Argonauta linatolewa na utando mpana wa minyiri miwili, tena kwa jike tu. Dume ni kadogo na halina gamba. Ndani hakuna viambaza, hakuna mrija. Ni kibebeo cha mayai, na jike hukamata hewa juu ya maji ili limsaidie kuelea. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa 2022, na protini nyingi anazotumia kujengea gamba siyo zile za nautilasi. Amebuni upya kitu ambacho babu zake walishakitupa. Kwa hiyo undugu wake na amonaiti upo, ila ni ule ule wa pweza wote.

Chuma cha Kuchokolea

Sawa, lakini nautilasi si anaitwa kisukuku hai? Maana yake hajabadilika. Basi yeye ndiye anayetuonyesha amonaiti alivyoishi.

Fundi Mawe

Hilo jina linaleta shida kuliko faida. Nasaba ya nautilasi ni ya kale, kweli, ila wanyama wenyewe wameendelea kubadilika na kugawanyika. Mwaka 2023 tu zimeelezwa spishi tatu mpya, za Samoa, Fiji na Vanuatu.

Mtazame anavyoishi. Ana minyiri kama tisini isiyo na vikombe vya kugandia. Jicho lake ni tundu tupu, halina lenzi, maji ya bahari yanaingia. Anakomaa baada ya miaka kumi na zaidi, anaweza kuishi zaidi ya ishirini, anataga mayai machache makubwa yanayochukua karibu mwaka kuanguliwa. Ndiyo maana biashara ya maganda imemuumiza hadi mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wa Johannesburg 2016 ukamweka kwenye orodha ya kudhibitiwa. Pweza wetu wa mwambani ni kinyume chake: anakua mbio, anataga mayai kwa maelfu mengi, anakufa. Amonaiti, kwa ushahidi wa yale magamba ya milimita moja, alikuwa wa mayai mengi madogo. Ukitaka kukisia maisha yake, pweza na ngisi wanakusaidia zaidi.

Ila siyo kwa kila kitu. Mwaka 2021 Lesley Cherns wa Cardiff na wenzake walipiga nyutroni na eksirei kisukuku cha amonaiti wa Jurasiki kutoka Gloucestershire, Uingereza, ambacho nyama zake zimehifadhiwa kwa namna isiyo ya kawaida. Waliona misuli ya jozi ambayo, kwa maoni yao, ilimrudisha mnyama ndani ya gamba akishtuka. Pweza hana haja ya hiyo.

Binti Kilwa

Minyiri mingapi basi? Nane ya pweza, kumi ya ngisi, au tisini ya nautilasi? Na wino alikuwa nao?

Fundi Mawe

Dada, hakuna kisukuku cha amonaiti kilichotupa minyiri ya kuhesabika. Mwaka huo huo wa 2021 kilitangazwa cha Eichstätt, Ujerumani: mwili wa amonaiti uliochomoka kwenye gamba, taya lipo, utumbo upo, minyiri hakuna! Nilisikitika kama vile nimeibiwa.

Kinachokisiwa ni kumi, na sababu ni nzuri. Kiinitete cha ngisi kinaanza na vichipukizi kumi vya minyiri. Cha nautilasi, pamoja na tisini zake ukubwani, nacho kinaanza na kumi. Pweza amepoteza jozi moja. Kama pande zote mbili za ukoo zinaanza na kumi, amonaiti aliye katikati ana uwezekano mkubwa wa kuwa hivyo hivyo.

Wino: kwa amonaiti hakuna mfuko wa wino unaokubalika. Kwa belemnaiti na ngisi wa kale upo, tena umehifadhiwa hadi Elizabeth Philpot wa Lyme Regis, Uingereza, aliuloweka akachorea fuvu la mnyama wa Jurasiki mwaka 1833. Wino wa Jurasiki kwenye karatasi!

Mzee wa Hoja

Narudi. Kwenye hayo mayai. Nimesikia wanasema amonaiti waliisha kwa sababu vifaranga vyao vidogo vilielea juu, kimondo kilipopiga Chicxulub, Meksiko, bahari ya juu ikaharibika, na nautilasi akapona kwa sababu mtoto wake ni mkubwa na anakaa chini. Sasa wewe unasema pweza na ngisi ni wa vifaranga vidogo pia. Mbona wao wapo Feri?

Fundi Mawe

Mzee, hilo ndilo swali, na wanaorudia ile hadithi ya mayai huwa wanalikwepa. Udogo peke yake hautoshi kueleza. Kinachoongezwa ni gamba: kifaranga cha amonaiti kilikuwa na gamba la aragonaiti (madini ya chokaa) la kujenga tangu ndani ya yai, tena kwenye maji ya juu ambayo baada ya kimondo yaliingia asidi, huku chakula cha kuelea kikiporomoka. Kifaranga cha pweza hakina gamba la kulinda. Mimi naona maelezo haya yana nguvu, ila bado yana tundu, kwa sababu belemnaiti nao waliisha wakati huo na gamba lao lilikuwa ndani ya mwili. Bahati ya mahali ulipokuwa siku ile siiondoi kwenye hesabu.

Imani Thabiti

Mimi naona haya yote ni kukisia. Hakuna aliyekuwepo.

Fundi Mawe

Ndugu, hukuwepo babu yako akioa, ila ukoo unaujua. Kila nilichosema hapa kinaweza kuangushwa: leteni amonaiti mwenye vipande 13 kwenye ulimi, au nautilasi wa kale anayeanza na kijipira, nitaufuta uzi mwenyewe. Swali la nani aliumba nawaachia jukwaa la dini, huko mko wengi na mnaliweza.

Mwana wa Mtama

Fundi, mimi ni wa Lindi. Wazee kwetu wanajua mifupa ya Tendaguru, ila zile kome za mawe hakuna anayezijali. Nene, za pembetatu, zina matuta. Hizo nazo zina ndugu hai?

Fundi Mawe

Umenifurahisha kuliko wote humu. Hizo ni za jamaa ya Trigonia, na watafiti wa Tendaguru walizipa heshima: tabaka mbili za bahari ziliitwa kwa majina ya Trigonia. Jurasiki na Kretasi walikuwa kila pwani. Baada ya Kretasi Ulaya wakapotea, watu wakawaandika marehemu. Kisha msafara wa Wafaransa uliokwenda Australia chini ya nahodha Baudin ukarudi na gamba bichi kutoka upande wa Tasmania, aliloliokota François Péron, na mtaalamu wa viumbe Lamarck akalieleza mwaka 1804. Leo jenasi hiyo inaitwa Neotrigonia, spishi chache tu, zote za bahari ya Australia. Ndiye mabaki ya ukoo mzima.

Lakini subiri, kuna wa karibu na nyumbani. Kundi la kome ambalo ni ndugu wa Trigonia ni Unionida, yaani kome wakubwa wa maji baridi. Wale wa Ziwa Victoria, wa Tanganyika, wa mito yetu.

Ukerewe Halisi

Acha bwana! Hao kome wa ziwani tunaokotea watoto? Basi nimeelewa: ukifungua ndani wana mng'ao wa lulu, na hiyo Neotrigonia nimeiangalia picha sasa hivi, nayo inang'aa vile vile. Undugu umethibitika.

Fundi Mawe

Haujathibitika kwa hilo, mkuu. Chaza wa lulu wa baharini naye anang'aa, na siyo wa ukoo huo. Mng'ao ni wa kale mno, uko kwa moluska wengi, ni mambo yale yale ya gamba la nautilasi. Waliounganisha Neotrigonia na kome wa ziwani waliangalia jinsi meno ya bawaba ya gamba yalivyopangika, wakaangalia umbo la mbegu za kiume kwa hadubini ya elektroni, kisha DNA ikaja ikakubaliana nao. Ukipata gamba zima la huko Ukerewe, piga picha ya bawaba kwa ndani, upande ule magamba mawili yanapofungana, weka hapa. Mwana wa Mtama naye aweke ya Tendaguru, tuzilaze pamoja.

Mwana wa Mtama

Nipeni hadi Jumamosi, kuna moja iko kwa mjomba anazuia nayo mlango.